Chai ya Mgeni

Ofisini kuna mtu anayemwaga chai ya maziwa kwenye kopo la maua, na leo ile harufu ya maziwa yaliyochacha kwenye udongo imenirudisha nyumbani, Karatu.

Mama alikuwa anatandika vitanda kwenye loji moja. Siku moja alirudi na kitawi cha mmea wa majani mapana, akakipanda kwenye kopo, akaliweka sebuleni dirishani. Bibi, mama mkwe wake, akaukagua.

"Unaliwa?"

"Hapana, mama."

"Mbuzi je, wanaula?"

"Hapana. Ni wa kukaa tu ndani."

"Kumbe ni mgeni."

Na kwa bibi, mgeni hakai bila chai. Kila asubuhi mama akishaondoka, bibi aliumiminia nusu ya kikombe chake. Mimi nilichutama, pua karibu iguse udongo, nione unavyokunywa. Walikuja sisimizi. Kisha majani yakawa ya njano.

"Nani anamwaga chai humu?" mama akauliza jioni.

Bibi aliinamia vidole vyake.

"Mimi," nikasema.

Nikanyimwa chai ya kesho yake. Asubuhi hiyo, mama alipotoka tu, bibi aliniletea ile nusu ya kikombe.

"Karibu, mgeni," akaninong'oneza.