Karani wa Mfuko wa Matibabu

Orpah aliujua mkono wa yule karani kuliko alivyoujua uso wake. Ulikuwa mkono msafi, kucha zimekatwa hadi nyamani, nao uliupapasa ukurasa taratibu kabla ya kuandika jina. Karani alikuwa Mgusii wa Birongo, lakini katika ofisi ya chama cha wakulima wa pareto, Nyamache, alisema Kiswahili tu, asije mtu akamwita ndugu. Asiyeandikishwa katika mfuko wa matibabu kufikia Ijumaa ya mwisho ya Novemba hakupata kadi, na bila kadi zahanati ya chama haikumpokea.

Mwaka wa 1954 Orpah alijifungua mtoto wake wa kwanza Jumapili, siku mbili baada ya kitabu kufungwa. Wiki ya pili alimleta mtoto akihema kwa homa.

"Alikuwa hajazaliwa, karani. Ningemwandikisha vipi?"

Karani alinyoosha mkono, akamgusa mtoto kwenye paji la uso. Ndipo alipomsemesha Orpah kwa Ekegusii, lugha yao wote wawili, kwa sauti ya chini kama anaongea na dada yake: mtoto anaungua, amkande kwa kitambaa cha maji. Kisha akaketi wima, akarudia Kiswahili chake.

"Kitabu kimefungwa, mama. Anayefuata."

Novemba iliyofuata Orpah alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Watoto wangapi?" aliuliza karani.

"Hakuna."

"Mwaka huu umewahi," alisema karani, akaandika.