Maneno Aliyompelekea Mwingine

Mume wangu alipoacha gongo, watu wa Ifakara walinipa pongezi kana kwamba mimi ndiye niliyemwachisha. Sokoni walinishika mkono. Kanisani mama mmoja wa jumuiya yetu aliniambia Mungu ameyaona machozi yangu. Niliitikia na kushukuru, lakini ndani nilikuwa naungua, kwa sababu nilimjua aliyemwachisha, na nilikuwa simpendi hata kidogo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Ufundi aliupata ujanani kwenye mashamba ya miwa kule Kidatu, na kunywa pia alijifunzia huko huko. Alirudi Ifakara na spana zake kwenye mfuko wa turubai, tukaoana. Wazazi wetu wa pande zote mbili walitoka Mahenge, kwa hiyo hapakuwa na maneno mengi ya kupatana.

Siku za kwanza alikunywa kama wanaume wengine, komoni, pombe ya mahindi, Jumamosi na wenzake, anarudi anaimba. Siwezi kusema ni siku gani mambo yaligeuka. Nilichokiona ni kwamba pombe ilianza kusogea. Ilitoka jioni ikaja mchana, na mwisho ikafika asubuhi. Komoni ikawa haimtoshi, akahamia kwenye gongo, ile kali. Akiamka, mikono ilikuwa inamtetemeka hata kifungo cha shati hawezi kukifunga. Anatoka kwenda kuzimua, anarudi mikono imetulia, anachukua spana anaenda kazini. Mimi nilidhani anakwenda kutafuta raha. Sikujua kwamba raha yenyewe ilikwisha zamani, na kwamba alikuwa anakunywa ili aweze tu kusimama kama watu wengine.

Kila asubuhi nilimpikia uji wa mchele wenye karanga. Akisikia harufu yake anatoka nje kutapika. Uji huo waliula kuku, na kuku wangu walinenepa.

Wakati ule nilikuwa na wivu wa kawaida, ule ambao kila mwanamke mwenye mume anayechelewa anaujua. Niliamini ana mtu. Mchana mmoja nilimfuata kwa mbali mpaka nyuma ya nyumba ya mzee mmoja aliyekuwa akiuza gongo kwa siri. Nilijiandaa kumwona huyo mwanamke, nikawa nimeshajifunga kanga kiunoni. Nilimkuta mume wangu peke yake, amekaa juu ya dumu, ameelekea ukutani, glasi ameishika kwa mikono miwili. Hapakuwa na mtu mwingine. Nilirudi nyumbani nikiwa sina la kufanya. Mwanamke ningejua namna ya kupambana naye.

Baada ya mavuno ya mwaka huo kaka yake mkubwa alishuka kutoka Mahenge. Alimtazama mdogo wake siku nzima, kisha akaniita uani.

"Shemeji, huyu haumwi," alisema. "Huyu ana tabia. Tumfungie ndani, asipate hata tone. Atalia, atanyamaza."

Tukamfungia. Siku ya kwanza aliloa jasho mpaka godoro likachuruzika, na hakutaka kula. Siku iliyofuata akaanza kuokota vitu kwenye shuka, anavibana kwa vidole na kuvitupa sakafuni. Nilipomuuliza ni nini, akasema sisimizi, wamejaa kitanda kizima, kwani mimi siwaoni. Aliniita kwa jina la mama yake. Halafu macho yakampanda juu, akaanguka chini na kukakamaa, mwili mzima unampiga, damu inamtoka mdomoni kwa kujing'ata ulimi. Kaka yake, yule mtu mwenye sauti, alibaki amesimama mlangoni ameshika ufunguo.

Jirani mwenye pikapu alitukimbiza hospitali. Mganga aliyekuwa zamu aliuliza swali moja tu la maana: alikunywa mara ya mwisho lini.

"Juzi," shemeji alijibu. "Tulimfungia, daktari. Tulitaka aache."

Mganga hakutufokea. Alimchoma sindano, akamtundikia dripu, na mume wangu alipolala akatuita pembeni. Alisema mwili wa mtu anayekunywa kila siku kwa miaka unajipanga upya. Pombe inaupoza, na mwili nao unajifunza kujikaza ili usilale moja kwa moja. Ukiiondoa pombe ghafla, ule mkazo unabaki peke yake, hakuna wa kuuzuia. Ndiyo ile mitetemo, na wale sisimizi, na kule kuanguka.

"Mngeweza kumzika," alisema. "Mtu wa hivi hafungiwi chumbani. Analetwa hapa, anaachishwa akiwa na dawa, na mtu wa kumwangalia."

Shemeji aliuliza kama sasa amepona. Mganga akasema mwili utatulia baada ya siku chache, lakini hamu ni jambo lingine, hiyo haina dripu.

Kwenye kitanda cha jirani yake alilazwa mwanamume aliyevunjika mguu, na dada yake alikuwa akija kila siku kumletea chakula. Alikuwa mwanamke mkubwa kuliko mimi kwa miaka kama kumi, mwembamba, ana pengo la meno mbele. Alikaa Kibaoni, akiuza vitumbua. Siku ambayo mume wangu alianza kuzungumza vizuri, nilimkuta huyo mama amesimama katikati ya vitanda viwili, bakuli mkononi.

"Nasikia uliwaona sisimizi," alikuwa anamwambia. "Mimi wangu walikuwa panya. Walivaa kofia."

Mume wangu akacheka. Ulimi wake ulikuwa umevimba, na kicheko kilitoka vibaya, lakini alicheka. Mimi nilikuwa na beseni la maji ya kumwogeshea. Nilijaribu kukumbuka ni lini nilimchekesha mimi, nikashindwa, na beseni likawa zito.

Akaruhusiwa, akarudi kazini. Asubuhi hakwenda tena kwa yule mzee wa gongo. Alitoka mapema kidogo kuliko saa ya kazi, na uji wangu aliusukuma pembeni kama zamani, akisema hana njaa. Nilimwelewa. Niliambiwa tumbo la mtu wa pombe linachelewa kurudi.

Ndipo jirani yangu, akianika mpunga, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Afadhali mumeo sasa anakula. Namwona kila asubuhi pale Kibaoni anapiga vitumbua."

Jioni ile nilimngoja amalize kuoga.

"Kibaoni kuna nini?"

Hakukana. "Kuna yule dada wa hospitali. Tunaongea."

"Mnaongea nini?"

"Mambo ya pombe."

"Na mimi huwezi kuniambia mambo ya pombe? Mimi niliyeyafua mashuka yako?"

Alifunga taulo vizuri, akatazama chini. "Wewe nikikuambia utalia," alisema. "Na ukilia mimi nitakwenda kunywa."

Nililala nimempa mgongo kwa wiki nzima. Niliwaza pengo lile la meno. Niliwaza vitumbua vyake, nikanunua vya mwanamke mwingine kwa ajili ya kulinganisha, kisha nikaloweka mchele wangu, nikausaga, nikatia hiliki, nikapika. Vilikuwa vizuri. Alikula kimoja, akasema asante, akatoka kwenda Kibaoni.

Basi siku moja nilivaa kitenge changu kizuri, nikapanda baiskeli. Nilitaka nimkute naye, niseme mbele yao wote wawili. Nyumba yake ilikuwa na uzio wa matete. Nilipoegesha baiskeli nilisikia sauti ya mume wangu kwa ndani, nikasimama.

Alikuwa anaongea juu ya binti yetu. Kabla ya watoto wetu wa sasa tulikuwa na mtoto wa kwanza wa kike, homa ilimchukua tukiwa shambani Namawala, wakati baba yake amerudi Kidatu kwa kibarua cha msimu wa miwa. Alifika tumeshazika. Tangu siku ile hakuwahi kumtaja, na mimi nilijifunza kutomtaja, nikidhani ndivyo anavyotaka. Sasa nilimsikia anamwambia yule mwanamke kwamba siku ile alikuja na viatu vya plastiki alivyomnunulia njiani. Alipokuta msiba, alitembea mpaka kwenye kivuko, akavitupa mtoni. Alisema viatu havikuzama. Alivitazama vinakwenda na maji mpaka akashindwa kuviona.

Mimi sikuwa najua habari ya viatu. Nilimbeba mtoto yule, nikamnyonyesha, nikamfunga sanda, na habari ya viatu vyake nilikuwa naisikia nyuma ya matete, inasimuliwa kwa muuza vitumbua. Sijawahi kuwa na wivu kama ule. Kama ningewakuta wameshikana mikono, ingeniuma kidogo kuliko vile.

Nikaingia. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima, lakini mwanamke yule aliinua uso, na kwa sababu nililelewa hivyo, kilichonitoka kilikuwa, "Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu."

Mume wangu alijifuta uso kwa mkono, akasimama. Alisema mashine ya watu inamsubiri, akapita pembeni yangu bila kunitazama. Mwenye nyumba akanisogezea kigoda.

"Umekuja kugombana," alisema.

"Ndiyo."

"Gombana basi. Nimemaliza kupika."

Nilikaa. Hasira ilikuwepo yote, ila sikuona pa kuanzia. Nikamuuliza tu, "Kwa nini akuambie wewe?"

Alichukua kikaango chake. "Wewe akikutazama anaona yote aliyokufanyia. Akinitazama mimi anaona mlevi mwenzake. Kwangu hadaiwi samahani."

"Wewe si mlevi. Umeacha."

"Nimeacha kunywa. Kutaka hakujaniacha." Alianza kufuta kikaango kwa gunzi la hindi. "Nilikuwa naipika mwenyewe, kule Kisawasawa. Nikawa naionja, kuona kama imeiva. Nilionja mpaka mume akaondoka na watoto. Leo asubuhi nikiwasha moto niliitaka, mate yakanijaa. Ndiyo maana napenda akija. Na mimi ananisaidia."

Sikutaka kujua kwamba anamsaidia. Hilo lilinichoma upya, kwamba mume wangu, ambaye nyumbani hata kuni hakupasua, kule alikuwa tegemeo la mtu. Nilimwambia hivyo, kwa maneno makali kuliko haya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanifungia vitumbua kwenye jani la mgomba. Nilivipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, nikawapa watoto, mimi sikuonja.

Mambo yaliendelea hivyo zaidi ya mwaka. Mume wangu alinenepa usoni. Mikono yake ilitulia, akawa anafunga vifungo vyake. Watu walinipongeza, nikapokea. Kila asubuhi alipita Kibaoni, na kila asubuhi mimi nilihesabika kama niliyeshinda.

Kisha binti wa yule mwanamke, aliyeolewa Uchindile, akajifungua, akamwita mama yake akakae naye kabisa. Tulimsindikiza stesheni. Mume wangu alimpandishia mizigo, akabaki amesimama hata baada ya treni kwenda. Mimi nilirudi nyumbani mwepesi, nikapika wali na kambale kama sikukuu.

Msimu wa kuamia ndege ulipofika nilikuwa Namawala, juu ya dungu, lile jukwaa la miti, narusha mabonge ya udongo kuwafukuza kwelea. Mchana mume wangu akatokea kwenye tuta, anasukuma baiskeli badala ya kuipanda. Nilimjua kwa mwendo kabla hajafika. Alipopanda ngazi, harufu ilitangulia.

"Nimekunywa," alisema.

Nilirusha bonge jingine.

"Ningekwenda Kibaoni kabla sijanywa. Lakini hayupo. Nikaona nije kwako."

Nilisikia vizuri kwamba nilikuwa wa pili. Nilisikia pia kwamba amekuja. Machozi yalinijia, nikakumbuka alichosema siku ile akifunga taulo, nikayameza, nikaendelea kurusha udongo.

"Ilianzaje?" nilimuuliza, huku natazama mpunga.

Akakaa. Alisema inaanzia kwenye taya. Taya linakaza, halafu mdomo unakauka, halafu kichwa kinaanza kumwambia kwamba moja tu haina neno, kwamba ameshapona, kwamba hakuna atakayejua. Alisema anaogopa mashine ikiharibika mbele ya watu na mikono ikamsaliti. Alisema vitu vingi, vingine sikuvielewa, na sikumuuliza. Ndege walitua wakala upande mmoja wa shamba, nikawaacha. Kesho yake alirudi hospitali kwa miguu yake, mganga akamtazama, akasema kwa kuwa ni siku moja hatatetemeka, ila asingoje ya pili.

Haikuwepo siku ya pili ninayoijua mimi. Alianza kunisimulia, si kila siku, na si yote. Habari ya viatu hajawahi kuniambia, nami sikumwambia kwamba naijua.

Kutoka Uchindile zilikuwa zinakuja salamu kupitia wafanyabiashara wa treni, mara nyingine na maharage. Mume wangu akizipata anakuwa mchangamfu siku nzima. Aliniomba twende kumwona. Mara ya kwanza nilisema mpunga haujavunwa, na kweli ulikuwa haujavunwa. Mara ya pili nikakosa sababu. Tulipofika kulikuwa na baridi na ukungu, wao wawili wakakaa nje kwenye benchi, kila mmoja na kikombe cha chai. Mimi nilikuwa ndani na binti yake, namenya viazi, na kila walipocheka kule nje nilimuuliza yule binti wanacheka nini, na yeye kila mara akaniambia hajui.