Bibi Niliyemlisha Angani

Nimewahi kwenda ng'ambo.

Nilikaa huko muda wa kunywa chai moja ya kikombe cha karatasi, nikarudi. Sikuona barabara wala nyumba ya mtu. Nikiwasimulia watu wanacheka, nami nawaacha wacheke.

Lakini siyo hiyo ninayotaka kuwaambia. Nataka kuwaambia nilichokiona kule juu, ndani ya ndege, nikiwa nimesimama nyuma ya pazia la wahudumu, nimeziba mdomo kwa mkono.

Nilimwona mtu akila.

Ndiyo, kula tu. Mkate na siagi.

Mimi niliishia shule ya msingi. Kazi yangu ni kutunza wagonjwa majumbani. Wakati huo nilikuwa na bibi mmoja aliyepigwa na kiharusi. Alikuwa fundi cherehani, kashona sare za shule na za hospitali mpaka macho yakachoka. Ulimi wake ulibaki mzima, tena mkali kuliko mkasi. Mikono ndiyo iliyokwisha. Wa kulia ulilala kabisa. Wa kushoto ulikuwa unatetemeka, ukiupa kijiko kinaanguka.

Basi nikawa namlisha, asubuhi, mchana na jioni. Akanibatiza Kijiko. Jina langu nililopewa na wazazi hakulitumia tena.

"Kijiko, umechelewa."

"Bibi, uji ulikuwa wa moto."

"Uji wa moto unapulizwa. Huna pumzi?"

Ndivyo tulivyoishi.

Shida ilikuwa moja. Bibi hakula kwa mkono wa mtu mwingine. Binti yake, ambaye tulikuwa tunakaa kwake, alijaribu. Bibi akafunga mdomo kama mtu aliyefunga duka. Baba yangu alipofariki nikaenda kuzika. Niliporudi nilimkuta bibi ametundikiwa dripu, midomo imepasuka. Tangu nitoke hakuwa ametia kitu kinywani.

Sasa, bibi alikuwa na mtoto wa kiume anayeishi ng'ambo na mke wake. Ndugu hao wawili wakakubaliana mama ahamie huko. Binti alikuwa amechoka, wala simlaumu. Mimi nikapewa kazi ya kumsindikiza. Nimfikishe, nimkabidhi kwa mwanawe hapo hapo uwanjani, kisha nigeuze na ndege ya jioni.

"Usimwambie kwamba unarudi," binti aliniambia jikoni, sauti chini. "Atagoma kupanda."

Nikaitikia kwa kichwa. Lakini swali moja lilikuwa linanitafuna: nikishageuka, nani atamlisha?

Safari ilikuwa ndefu, ya kutwa nzima. Tulipewa safu ya kwanza kabisa ya sehemu yetu, kwa sababu ya kiti cha magurudumu. Mbele yetu palikuwa na ukuta, na pembeni ya ukuta pazia la wahudumu. Meza tulikuwa tunazichomoa kwenye mkono wa kiti. Nje jua kali, wahudumu wakashusha vifuniko vya madirisha vyote na kuzima taa. Eti tulale. Mchana kweupe!

Kabla toroli la chakula halijatoka, mhudumu mmoja mwenye skafu ya njano akaja na sinia moja tu.

"Chakula maalumu cha bibi," akasema, akainua foili.

Mvuke ukatoka. Ndani palikuwa na vitu vitatu vilivyopondwa: kimoja cheupe, kimoja cha rangi ya karoti, kimoja kijani.

Bibi akakitazama. "Nani ameshakitafuna hiki?"

Mhudumu akacheka mpaka akashika kiti. Nikamweleza bibi kwamba mwanawe ndiye aliyeagiza chakula laini.

"Mikono ndiyo mibovu," akasema bibi. "Meno nimepanda nayo yote. Yule baba pale atakula kuku, na mimi nataka kuku."

"Ngoja nimalize kugawa, bibi yangu," akasema mhudumu. "Akibaki hata mmoja, ni wako."

Na kweli akamleta. Nikamkata kuku vipande vidogo, nikaanza kumlisha. Bibi akawa anakula huku anawachambua wahudumu mmoja mmoja, nani kavaa sketi ya kumbana, nani koti lake halikupimwa mabegani. Mimi nilikuwa nacheka, huku moyoni nimejikunja.

Masinia yalipokusanywa, nikamfuata yule mhudumu nyuma ya pazia. Alikuwa amevua viatu vya kisigino, amevaa vya chini, anapanga vikombe.

"Dada, naomba msaada," nikasema. "Jaribu kumlisha bibi. Kidogo tu. Nataka nione kama atakubali mkono mwingine."

"Kulisha abiria haturuhusiwi, mdogo wangu. Kufungua vifuniko, kukata nyama, hayo sawa."

Nikamweleza. Nikamwambia kuhusu dripu. Nikamwambia kuhusu ndege ya jioni.

Kisha akachukua kikombe cha mtindi na kijiko, akatoka nacho. Akapiga goti pale kwenye njia.

"Bibi mrembo, onja hiki."

Bibi akamtazama toka skafu mpaka chini. "Upindo wa sketi yako umefumka. Kashone kwanza."

"Nitashona tukitua. Fungua mdomo, bibi."

Bibi akageukia dirishani. Dirisha lenyewe limefungwa, hakuna cha kuona. Akabaki hivyo hivyo mpaka mhudumu akainuka.

"Pole," akaninong'oneza. Mtindi ulikuwa haujaguswa.

Nilikaa pale nikimwona akilini bibi ameshakufa. Nilimwona kwenye chumba cha nchi ya watu, sahani imejaa mezani, mdomo umefungwa.

Ikafika zamu ya mlo wa pili, ule wa kukaribia kutua. Taa zikawashwa. Tukawekewa masinia: yai la kukaanga, tunda, mkate na kisiagi chake. Nikahisi machozi yananijia. Nikamwambia bibi naenda msalani mara moja, asubiri.

Msalani nililia. Choo cha ndege kina uzuri huo, ukivuta maji kinanguruma, hakuna anayekusikia.

Nilipotoka, nikapitia nyuma ya pazia. Lilikuwa na mwanya. Nikachungulia ili nijue kama bibi amechoka kunisubiri.

Bibi alikuwa anatazama kulia. Kisha kushoto.

Kisha mkono wa kushoto ukapanda mezani. Haukutetemeka. Akachukua pakiti ya uma na kisu, akaichana kwa meno. Akapasua mkate. Mkono wa kulia, ule uliolala, ukaamka ukaushikilia. Akapaka siagi taratibu mpaka pembeni kabisa, kama mtu anayefuata mstari wa chaki kwenye kitambaa. Akala.

"Kumbe anaweza!" akasema mhudumu wa skafu nyuma yangu.

"Sss!"

"Si uliniambia hawezi?"

"Ndivyo nilivyojua, dada."

Tukasimama pale wawili, tukamtazama akimaliza. Alipomaliza akajifuta mdomo, akarudisha mikono mapajani, akaiacha ilegee. Tena alikuwa na uso wa mtu anayengoja.

Nikarudi kitini.

"Umechelewa, Kijiko."

"Foleni, bibi. Mkate uko wapi?"

"Hawakunipa."

Kifuani alikuwa na chembe za mkate. Nikachota yai, nikampelekea. Akatafuna, akameza. Akanitazama usoni.

"Umeona," akasema.

"Nimeona, bibi."

"Sasa unalia nini? Aliyekamatwa si mimi?"

"Tangu lini?"

"Hata mwaka wa kwanza haukuisha. Siku moja unanilisha, nikahisi vidole vinataka kwenda vyenyewe. Nikavikalia."

"Kwa nini, bibi?"

"Kabla sijaugua nilikuwa naletewa sahani chumbani. Inawekwa kwenye stuli, mlango unafungwa. Siwalaumu, wana kazi zao. Lakini nikila, nisipokula, anayejua ni sahani. Nilipougua ndipo mtu akaanza kukaa mbele yangu. Ananitazama. Ananisimulia nyanya zimepanda bei na jirani kagombana na mumewe. Ungekuwa wewe, ungeshika kijiko?"

"Na ile mara nilipokwenda kumzika baba? Ungekufa, bibi!"

"Nilijua utarudi. Safari hii hurudi."

Nikaweka kijiko mezani.

"Binti yangu akiongea na simu anadhani kiharusi kiliingia na masikioni. Tiketi yako ni ya kwenda na kurudi. Yangu ni ya kwenda. Ndiyo maana nikajaribu mkate. Nilitaka kujua kama bado naweza kula peke yangu. Naweza. Lakini mwanangu usimwambie. Akijua, na huko watanitafutia stuli."

Nikamlisha yai lote. Nikamlisha na tunda. Sote wawili tulijua anaweza kushika kijiko, na hakuna aliyelisema tena.

Uwanjani mwanawe alikuwa ametangulia, mtu mzima, koti refu, analia kama mtoto. Akampigia mama yake magoti palepale. Mke wake alisimama nyuma akiwa bado na sare ya kazi, macho mekundu ya usingizi. Uso wake haukuwa wa furaha wala wa chuki. Ulikuwa wa mtu aliyechoka tu.

Wakaninunulia chai. Mwanawe akaniuliza swali nililokuwa naliogopa.

"Daktari alisema mkono ungerudi. Anaweza kula mwenyewe sasa?"

Nikamtazama bibi. Alikuwa anatazama sakafu.

"Hapana, kaka," nikasema. "Hawezi."

Nikamgeukia mkwe. "Dada, ukimlisha, kaa mbele yake. Msimulie chochote, hata ya kazini. Usimharakishe."

"Mimi nafanya kazi za zamu," akasema. "Mara tatu kwa siku?"

"Hata mara moja."

Akatazama saa yake. "Tutaona."

Hiyo "tutaona" niliondoka nayo kama jiwe ndani ya kiatu.

Kuagana kulikuwa kubaya. Nikainama kwa bibi. Nikaona vidole vyake vinaamka pale mapajani, vinataka kunishika. Lakini mwanawe alikuwa amesimama hapo, anatazama. Bibi akavikunja vidole vyake, akavificha chini ya shuka alilofunikwa miguuni.

Hakunikumbatia. Angenikumbatia, siri ingekwisha.

Ndege ya jioni ilikuwa na wahudumu wengine. Nikawekewa sinia, foili juu, kila kitu mahali pake. Mhudumu aliporudi kulichukua, foili ilikuwa haijafunguliwa.

"Hujakipenda?"

"Kizuri," nikamjibu. "Nimeshiba."

Muda ukapita mrefu. Nikapata mgonjwa mwingine, nyumba nyingine. Siku moja mchana simu ikalia, namba ya nje.

"Wewe ndiye Kijiko?"

Nikajua. Jina hilo alikuwa akiniita mtu mmoja tu.

"Ametutoka juzi," akasema mkwe. "Alilala mchana hakuamka. Hakuteseka."

Nikakaa chini. Nililia, naye akaningoja kule upande wa pili. Nilipopata sauti, swali lililotoka lilikuwa lile lile.

"Alikuwa anakula?"

"Alikula mpaka siku ya mwisho. Nilikuwa namlisha mimi. Nikiwa kazini, mume wangu. Dada, nikuulize. Ulikuwa unajua?"

"Kujua nini?"

"Wiki ile ile mliyofika, nilirudi kazini mapema. Nikamwona jikoni kupitia dirishani, anamenya chungwa. Kwa kisu. Ganda halikatiki, linashuka refu kama utepe."

"Ukafanyaje?"

"Nikarudi nyuma. Nikapiga kengele ya mlango wangu mwenyewe, nikasubiri. Nilipoingia alikuwa kitini, mikono imelegea. Nikachukua kijiko, nikakaa mbele yake."

"Na mumeo hukumwambia?"

"Nimwambie ili iweje?"

Nikasikia anapumua.

"Dada, nimeishi nchi hii miaka mingi. Mimi natoka kazini, mume wangu anaingia. Chakula changu nilikuwa nakila nimesimama, pale kwenye jiko. Mama alipokuja ndipo nikaanza kukaa. Tukishamaliza sahani yake ananiambia, 'Haya, leta na yako.' Sasa leo nimepika, nimepakua, nimekaa. Nimekosa mtu wa kumwambia kitu, ndiyo nikakupigia."

Nikamwuliza amepika nini. Akaniambia. Nikamwambia ale, nipo. Akala, nami nikamsikiliza kwenye simu mpaka akamaliza.

Ndugu msomaji, mimi sina elimu ya kukufundisha. Ila kama nyumbani kwenu kuna mzee, na leo ni zamu yako kumpelekea chakula, usiishie mlangoni.

Ingia na sahani yako.