Khalfan wa Kwenye Simu

Haya nnayoyaandika ni fedheha, na nimejitia mwenyewe, kwa hivyo bora niwataje kwanza walioiona. Nyumbani kwetu Wattaya, kwenye majlis, yaani sebule ya wanaume, walikuwamo mwanangu Nassor, babake Rahma; na Khalfan, kijana aliyekuja kumposa Rahma, pamoja na babake, Said bin Masoud. Ndani kwa wanawake tulikuwa mimi, Rahma mwenyewe, mjukuu wangu mwengine Thuwaiba, na Bi Asya, mamake Khalfan.

Sasa, kwetu mposaji lazima aulizwe habari zake, na Khalfan kasoma Marekani miaka minne, huko ntamuuliza nani? Nikamnong'oneza Thuwaiba, maana mie Kiingereza sikisomi, atazame kwenye simu (nilisikia kule majina ya waliokamatwa huwekwa hadharani, atakaye asome), akatazama, akanambia, "Bibi, yupo Khalfan Said, kakamatwa kwa wizi wa gari. Lakini ngoja nisome mpaka chini."

Ningoje nini? Nikampokonya simu, nikajitanda mtandio, nikaingia majlis ya wanaume bila hata hodi.

"Nassor, mwanao haolewi na mwizi!"

Vikombe vya kahawa vikabaki mikononi. Huko ndani nikamsikia Bi Asya, "Mwizi? Mwanangu mie?" Khalfan akainuka, akaipokea simu kwa adabu, akasoma, akaniuliza, "Bibi, huyu babu yake nani?"

Mimi huyu, nnayejua majina ya watu mpaka babu wa saba, sikuuliza babu! Kumbe, alivyotusomea Khalfan, yule wa kwenye simu ana miaka hamsini na nane, na hapo chini imeandikwa kesi ilifutwa, yaani hata yeye alikamatwa tu, hakuhukumiwa, nami nshamwita mwizi.

Wageni wakaondoka. Rahma hakulia. "Bibi, nilikuwa namtaka," akasema, basi.

Asubuhi nikamwambia Nassor anipeleke Sidab, kwao Khalfan.

"Mama, ngoja wapoe."

"Washa gari."

Nikaingia majlis yao ya wanaume (hodi nilipiga, mara tatu), nikawaambia, "Nimemtukana kijana wenu mbele za watu, na radhi naomba mbele za watu." Bi Asya akatokea mlangoni, kanuna.

"Ijumaa tutarudi kuposa," akasema. "Lakini wewe, Bi Zuwena, utakaa ndani na mimi, nimekushika mkono."

Ijumaa wakarudi, nikakaa. Na tangu hapo, nikisomewa jina nauliza la baba na la babu, na nasomewa mpaka mstari wa mwisho. Kama hapa pana jina nimelikosea, au yupo aliyekuwepo nikamsahau, nisahihisheni jamani, kabla sijamdhulumu mtu mwengine.