Taa Nyeupe za Mnunuzi wa Pamba

Katika kibanda cha fundi pikipiki wa Somanda asubuhi ile alikuwapo fundi mwenyewe, alikuwapo kijana mnunuzi wa pamba aliyetaka kufungiwa taa mbili za ziada, alikuwapo mzee wa Kimali aliyeleta gurudumu la mkokoteni wake wa maksai lizibwe pancha, nami nilikuwapo kwa ajili ya baiskeli.

Tangu ununuzi wa pamba uachiwe watu binafsi, wanunuzi hushindana kuwafikia wakulima wa Mwandoya, hata gizani. Fundi alimwonyesha kijana taa za njano, zenye mwanga mpana wa chini. Kijana akachagua nyeupe, zinazomulika mbali.

"Basi niziinamishe," fundi akasema, spana mkononi.

"Ziinue! Mwenzangu akiniwahi, pamba imekwenda."

Mzee akasimama mbele ya pikipiki. "Hebu ziwashe, baba."

Zikawashwa. Akajikinga uso kwa kiganja.

"Mimi hutembea mbele ya maksai, nimeshika kamba. Mwanga huu ukinipiga machoni, nikimbilie wapi? Na maksai akimulikwa husimama palepale."

"Utaniona, mzee. Utapisha."

"Nitaona taa, baba. Barabara sitaiona."

Kijana akacheka. Fundi alisita kidogo, kisha akakaza nati, taa zikitazama juu.

Tunaambiwa soko huria humpa kila mtu nafasi ya kuchagua. Kijana alichagua taa. Mzee aliachiwa kupisha.

Jumatatu jioni, giza likiwa limeingia, katika barabara ya Mwandoya, mzee aligongwa na pikipiki ya kijana huyo akiwa mbele ya maksai wake. Amefariki.