Picha la Kihindi la Dada Wawili

Kwa zaidi ya miaka thelathini niliamini kwamba lipo picha la Kihindi linalohusu sare ya harusi. Nasema sare yetu hii ya khanga, ile ambayo wanawake arobaini wa upande wa bwana harusi huvaa rangi moja, kisha wakawatazama wa upande wa pili kwa jicho la pembeni. Niliamini kwa sababu nililiona mwenyewe, nikiwa na miaka tisa, nimekaa mkekani nyumbani kwetu Ilala. Ungenibishia, tungegombana.

Nyumba yetu ni ya kizamani, korido katikati, vyumba sita, bomba moja uani. Babu aliijenga alipokuja kutoka Masasi, akawaachia binti zake wawili: mama yangu na mama mdogo. Chumba cha mbele kilipangishwa kwa fundi cherehani. Siku za kazi fundi alishona. Jumamosi mchana aliisukuma cherehani ukutani, akatundika shuka dirishani, akawasha televisheni na deki, na chumba kikawa kibanda umiza. Jina hilo kilistahili, maana tulibanana mpaka ukawa hujui jasho hili ni lako au la jirani.

Kilichotuleta pale ni mdomo wa fundi. Picha likianza alipunguza sauti, akasimama kando ya televisheni, akatutafsiria. Anajua Kihindi kiasi gani, hakuna aliyemuuliza. Katika mapicha yake, mama mkwe mwenye dhahabu mpaka puani alilalamika kwamba mkwewe amechota maji kwenye zamu isiyo yake. Adui mwenye bastola alikuwa anataka kupita mbele kwenye foleni ya mafuta ya taa. Steringi, yaani shujaa wa picha, akilia kwenye mvua, tuliambiwa amefukuzwa chumba, na mwenye nyumba amezuia godoro. Tulisikitika kweli. Nilikua nikidhani India ni Ilala iliyoongezewa milima na nyimbo.

Mwaka huo mjomba wangu, kaka yao mama, alioa. Mama ndiye aliyechagua sare, khanga ya rangi ya machungwa, na ndiye aliyezunguka kuwaambia watu, kuanzia Buguruni mpaka ng'ambo ya Kigamboni kwa kivuko cha Magogoni. Mtu mmoja tu hakuambiwa, naye ni mdogo wake mwenyewe, anayelala mlango wa pili. Mama alidhani ameshajua. Mambo ya ndani ya nyumba mtu hudhani yanajulikana yenyewe tu. Basi mama mdogo akatokea harusini na bluu, bluu nzuri kabisa, katikati ya wanawake arobaini wa machungwa. Picha ya siku ile tunayo hadi leo, na hakuna anayehitaji kuonyeshwa atazame wapi.

Kuachwa sare kwenye harusi ya kaka yako, tumbo moja, ni jambo ambalo wengine hufa nalo. Mama mdogo aliona amefanyiwa makusudi. Mama, badala ya kusema amesahau, akasema mtu mzima hasubiri kuambiwa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Miezi minane hawakusemeshana, na bomba ni lilelile moja. "Mwambie mama yako ndoo yake imejaa," mama mdogo ananituma, na mama yuko hatua tatu, ameinamia ndoo yenyewe. Nageuka, namwambia mama ndoo imejaa. Mama ananijibu, "Mwambie nimeona." Nilichoka mimi, achilia mbali wao.

Lakini picha la Jumamosi halikuachwa na yeyote. Walikuja wote wawili, kila mmoja akakaa pembe yake. Siku moja fundi akaweka picha lenye wanawake wawili na kasuku anayebeba barua. Kuelekea mwisho, mwanamke mmoja amelazwa hospitali, bandeji kichwa kizima, mwenzake amemwinamia anatiririkwa na machozi. Fundi akakohoa. Halafu akasema polepole, kwa sauti ambayo hatukuizoea kwake:

"Anamwambia, mdogo wangu, ile sare sikukunyima. Nilizunguka kwa watu wote, nikakusahau wewe uliye karibu. Nilipokuona na bluu nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Niliona aibu, na aibu ikanifunga mdomo."

Kisha mabega ya mama mdogo yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Akacheka mpaka akalia kweli, chumba kizima kikacheka naye, na mama kule pembeni amejifunika khanga uso wote. Jioni ile sahani ya vitumbua vya mama mdogo ikavuka korido. Mama alianza kunituma nipeleke asante, akaghairi, akaenda mwenyewe. Mimi nilibaki nashangaa bahati yetu, kwamba kati ya mapicha yote fundi ameokota lenye habari kama ya kwetu.

Ndiyo akili niliyokuwa nayo, na sikuibadilisha. Nilikua, nikafungua duka la vitenge Kariakoo, na bado nilikuwa nawahadithia wateja kwamba hata Wahindi wana matatizo ya sare. Wengine waliniitikia ili niwapunguzie bei.

Mwaka huu mama mdogo aliamua kurudi Masasi. Meza yake ya nazi pale sokoni Ilala aliifunga, magoti hayataki tena kusimama, na shamba la korosho la babu linahitaji mtu. Aliwaaga wenzake wa sokoni, akawaaga wapangaji, akaniambia mimi. Mama akaja kusikia kwa muuza mchicha, aliyesimama mlangoni kumpa pole ya kubaki peke yake. Mama akasema, "Aende salama," akanunua mchicha wake, akaingia ndani. Tangu siku hiyo, kimya. Na basi la Masasi ni la Ijumaa alfajiri.

Safari hii sikuona kichekesho. Walipokuwa vijana walikuwa na miezi minane ya kuchezea. Sasa mmoja amepita sabini na mwingine anaikaribia, na kutoka Ilala hadi Masasi si mwendo wa kwenda kuchukua chumvi. Nililala nikiwaza kwamba wakiachana hivi huenda wasionane tena. Nilijaribu kusema na mama, akaniambia hana ugomvi na mtu. Nilijaribu kwa mama mdogo, akaniuliza kama nimekula.

Basi nikapata wazo ambalo hata sasa naliona lilikuwa zuri. Nilitafute lile picha la sare, niwawekee wote wawili. Liliwapatanisha mara ya kwanza, litashindwaje ya pili?

Duka la pembeni na langu ni la vifungo, zipu na lesi, na mwenyewe ni mama wa Kihindi aliyezaliwa hapahapa Kariakoo. Kila asubuhi akishafukiza udi mbele ya picha za miungu yake huwa ananipitishia chai ya tangawizi, tunasema watu kidogo, ndipo kazi inaanza. Nikamwuliza kuhusu picha la sare.

"Sare ipi?" akaniuliza.

"Ya harusi. Dada mmoja kasahaulika, akaja na rangi nyingine."

Akaweka kikombe chini. "Binti, nimeangalia picha za Kihindi tangu sijaota meno. Hiyo haipo."

"Ipo. Kuna kasuku anabeba barua."

Uso wake ukang'aa. Huyo kasuku, yeye anamjua. Akachukua simu, akaandika kwa Kihindi, na hakumaliza hata chai yake akawa amelipata, lote, lenye urefu wa saa tatu kasoro. Tuliliangalia siku mbili chini ya feni, katikati ya wateja, yeye ananifasiria kila neno kwa uaminifu ambao ulianza kuniudhi. Wale wanawake hawakuwa dada. Mmoja ni wakili, mwingine ni mpishi aliyeshuhudia moto. Na tulipofika hospitali, kwenye bandeji na machozi, jirani yangu akanigeukia.

"Hapa anamwuliza, nani alichoma ghala la pamba."

"Hasemi mdogo wangu?"

"Anasema ghala la pamba. Mara tatu."

Nilicheka mpaka mteja akaacha kitenge alichokuwa anapima. Miaka yote hiyo nimeitangaza India kwa mambo yasiyoihusu. Ila kicheko kilipoisha nikajiuliza. Kama maneno yale hayakuwa ya picha, yalikuwa ya nani? Na ilikuwa Jumatano tayari.

Fundi alihama zamani, yuko Buguruni, anashona sare za shule kwenye baraza la nyumba ya mtoto wake. Nilimkuta anapiga pindo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa kwa dada wawili," akasema kabla sijajitambulisha. "Umefanana na mama yako kwa kutembea kwa hasira."

Nikamweleza habari ya ghala la pamba. Hakuona aibu hata kidogo.

"Mimi Kihindi sijui mpaka leo," akasema. "Nilikuwa naangalia sura. Mtu akikunja uso najua hapa kuna kodi."

"Na yale ya sare ulitunga mwenyewe?"

Akasimamisha cherehani. "Yale alinipa mama yako. Alikuja Ijumaa na pazia, anasema limechanika. Pazia lilikuwa zima. Akakaa, akakaa, mwisho akaniambia kesho ukiona mahali watu wanalia, sema hivi. Akanikaririsha mpaka nikashika. Halafu akaniambia nikimtaja atanihamisha nyumba."

Nilikaa kwenye benchi lake. Namjua mama yangu kama mwanamke ambaye akikukanyaga mguu anauliza kwa nini uliuweka hapo. Kumbe alishuka mpaka kwenye chumba cha mpangaji, na pazia zima mkononi, kwenda kuazima mdomo wa kuombea msamaha. Nilimpenda vibaya sana saa ile. Nikamwambia fundi aje kesho kwetu atutafsirie tena. Akanionyesha fizi, akasema meno yamekwisha, maneno yatatoka yamelowa.

Basi nitafanya mwenyewe.

Alhamisi alasiri niliwaita sebuleni. Kila mmoja nilimdanganya kwamba mwenzake hayupo. Walipoonana walisita, lakini heshima ya televisheni iliyokwisha kuwashwa wanayo, wakakaa, huyu mwisho huu wa kochi, yule mwisho ule. Mizigo ya mama mdogo, imefungwa kamba, tunaiona pale koridoni. Nikaweka picha, nikazima sauti, nikasimama kando kama fundi.

Niseme ukweli, kazi ile ina wenyewe. Dakika tano tu nilikuwa nimewachanganya wakili na mpishi, na steringi nimempa wake wawili. Mama mdogo akauliza yule kasuku anasema nini, nikamwambia anauliza bei ya mahindi. Akacheka kidogo, akajizuia. Mama alikuwa ananikodolea macho mimi, si picha, na nikajua ameshanielewa tangu kasuku alipotokea. Nikarukia hospitali kabla ushujaa haujaniisha. Bandeji ile, machozi yale.

"Anamwambia," nikaanza, "mdogo wangu, usiondoke bila..."

"Zima hicho kitu," akasema mama.

Nikazima. Nilidhani nimeharibu kila kitu. Mama alikuwa anatazama mikono yake.

"Sikukasirika kwa sababu niliambiwa mwisho," akasema. "Nimekasirika kwa sababu unaenda. Sijawahi kulala nyumba ambayo wewe hulali."

Nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo. Walizaliwa nyumba moja, wakaolewa humohumo, waume ndio waliohamia, wakafiwa na waume wakiwa mlango kwa mlango. Hata ile miezi minane ya sare walikuwa wanasikilizana wakikohoa.

Mama mdogo hakucheka safari hii. Alisogea kwenye kochi, kidogo kidogo, kwa sababu ya magoti, mpaka akafika.

"Dada, wote niliwaambia kwa urahisi tu," akasema. "Kwako nilikuja mlangoni mara nne. Kila nikifika naona nikisema itakuwa kweli."

Niliwaacha, nikaenda uani nikajifanya naosha vyombo, ambavyo vilikuwa safi. Kutoka ndani nilimsikia mama analalamika kwamba mizigo imefungwa vibaya, itamwagika kabla ya Kibiti. Wakaanza kuifungua upya, wanabishana kuhusu kamba. Waliendelea mpaka magharibi.

Ijumaa alfajiri tulikwenda stendi watatu. Mama alikuwa na mkoba wake mdogo, akasema anamsindikiza mdogo wake mpaka amsaidie kupanga vyombo, Jumapili yuko nyumbani. Huu ni mwezi wa tatu. Nikimpigia simu naambiwa bado vyombo havijakaa sawa.