Dereva Ndiye Mwenye Kosa

Naringa sana kwa kumweleza mteja ubovu wa kompyuta kwa Kiswahili, na maringo hayo ndiyo yaliyoniponza juzi, hapa kibandani kwangu Mwanjelwa.

Mama mmoja wa Madibira alileta kompyuta ya marehemu mwanawe, nimhamishie picha kwenye flashi. Kila nikihamisha, zinakatikia njiani. Nikabadili flashi, nikabadili tundu, wapi. Mwishowe nikagundua kuwa draiva, ile programu inayoongoza data zikisafiri, imeharibika.

“Mama,” nikamwambia kwa madaha, “data zinasafiri kwa basi. Basi lako ni zima kabisa. Dereva ndiye mwenye kosa.”

Akainama, akashika ncha ya kitenge chake. Nikadhani hajaelewa, nikakazia: “Dereva mbovu huyu. Namfuta, naweka mwingine.”

Nikaweka. Picha zikahama vizuri, nikafungua moja tuhakikishe. Kijana ameshika usukani wa basi, anacheka.

“Ndiye huyo,” mama akasema taratibu. “Hata trafiki walisema hivyohivyo, baba. Basi lilikuwa zima, kosa la dereva.”